Injini ya pikapu ya marehemu baba: niijenge upya au niibadilishe?

BARUA

Assalaam aleikum, mshauri wetu.

Mimi ni mwanamke wa makamo, mzaliwa na mkaazi wa Malindi. Marehemu baba yetu alituachia pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya tisini, yenye injini ya dizeli ya aina iitwayo 3L, na tangu alipofariki mimi ndiye ninayeisimamia, naye ndugu yangu mdogo ndiye dereva. Msimu wa maembe tunabeba mizigo ya wakulima kutoka Marafa hadi mjini, na msimu ukiisha tunachukua samaki Ngomeni wakiwa katika makasha ya barafu na kuwashusha Malindi na Watamu. Mama yetu, mdogo wetu wa kike aliye chuoni, pamoja na watoto wangu mwenyewe, wote wanategemea gari hilo.

Tangu kaskazi iliyopita pikapu imebadilika. Asubuhi haiwaki ila kwa kubembelezwa, na ikiwaka hutoa moshi mweupe kwa muda kabla ya kutulia. Inakunywa oili kuliko zamani. Maji ya rejeta hupungua bila mimi kuona yanakovujia, na tukipanda kuelekea Marafa mshale wa joto huinuka mpaka ndugu yangu hulazimika kusimama kando ya barabara aisubiri ipoe. Wateja wa samaki hawawezi kungoja, na wawili kati yao wamekwisha kutafuta gari jingine.

Kila ninayemuuliza ana neno lake. Ami yangu, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa baba miaka yote, anasema injini hiyo ni imara na inahitaji kufunguliwa yote, ifanyiwe ovahoo, basi itafanya kazi miaka mingine mingi. Ndugu yangu hataki hata kulisikia hilo. Yeye amekwenda Mombasa, ameona katika yadi moja injini ya 1KZ-TE yenye tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, iliyotoka Japani, na anasema kwa nguvu zake tutapanda Marafa bila kusimama na tutaweza kuongeza mzigo. Fundi mwingine wa hapa mjini ananishauri nitafute injini ya aina ya 5L iliyokwisha kutumika, kwa kuwa itaingia mahali pa 3L bila kukata wala kuchomelea chochote. Jirani yetu naye ananiambia niiuze kama ilivyo, niongeze pesa, ninunue Isuzu kuukuu yenye injini ya 4JA1.

Pesa ninazo kidogo, akiba yangu mwenyewe ya miaka mingi katika chama chetu cha akina mama, na zikipotea sina nyingine. Mama hataki injini ya baba iondolewe, na akisikia habari ya kuuza hulia. Ami amekasirika kwa kuwa ndugu yangu alikwenda Mombasa bila kumwambia. Ndugu yangu anasema nikimfuata ami, yeye ataacha kuendesha. Logibuku bado ina jina la baba. Silali vizuri, mshauri. Ninaogopa kuchagua injini mbaya, na ninaogopa zaidi kuivunja nyumba yetu kwa sababu ya chuma. Nifanye nini?

Binti wa Marehemu, Malindi

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu, na akupe nguvu wewe uliyebeba mzigo wa nyumba nzima.

Nikikuelewa vyema, unaulizwa maswali mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni la fundi: ni injini gani itakayoweza kazi yenu kwa pesa ulizo nazo. La pili ni la nyumba: ni nani mwenye kauli juu ya gari hilo, na akiba yako ikiingia ndani yake inakuwa ya nani. Nakuomba uruhusu nianze na la fundi, kwa sababu nadhani sehemu ya ugomvi wenu inatokana na watu wanne kutoa dawa kabla ya mgonjwa kupimwa.

Katika barua yako sikuona mahali ambapo mtu yeyote amepima kompreshoni, yaani nguvu ambayo kila silinda hubana nayo hewa. Wote wanakubaliana kwamba injini imekwisha, lakini dalili ulizozitaja zinaweza kuwa na sababu nyingi, na baadhi yake ni za gharama ndogo. Dizeli kugoma asubuhi na kutoa moshi mweupe mpaka ipate joto kunaweza kutokana na plagi za kupasha moto zilizoungua, au nozeli zilizochakaa, au kompreshoni iliyoshuka. Moshi wa oili huwa wa rangi ya samawati, na ukiendelea hata injini ikiwa ya moto, hapo ndipo tunaposhuku ringi, pistoni na gaidi za valvu. Maji yanayopotea bila kuonekana yanaweza kuwa yanapita kwenye gasketi ya hedi, yaani ya kile kifuniko cha juu ya silinda, au ufa wa hedi yenyewe, lakini pia yanaweza kuwa yanavuja kidogo kidogo kwenye pampu ya maji na kukauka juu ya injini ya moto kabla hamjayaona.

Muombe ami, kwa heshima yake, au fundi mwenye kipimo cha dizeli, apime silinda zote nne injini ikiwa na joto. Injini ya 3L iliyo nzima hukaribia paundi 450 kwa inchi ya mraba, na ikishuka chini ya paundi 280 hivi huhesabiwa kuwa imechoka. Tofauti kati ya silinda na silinda nayo isizidi paundi 70 hivi. Nne zikiwa zimeshuka kwa pamoja, ni uchakavu wa umri. Moja au mbili zilizo jirani zikiwa chini na nyingine ziko sawa, shaka inaelekea kwenye gasketi, valvu au ufa. Kisha asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, kifuniko cha rejeta kifunguliwe ndipo iwashwe, mtazame maji. Yakitoa mapovu mfululizo, moshi wa silinda unaingia katika njia ya maji. Msikifungue kamwe ikiwa ya moto.

Nina swali jingine kuhusu hayo maji: mnaongeza maji ya wapi? Visima vingi vya mwambao wetu vina chumvi, na rejeta inayojazwa maji hayo mwaka hadi mwaka hujenga ukoko ndani ya vijia vyake hadi maji yasipite. Angalieni pia kama thamostati, ile valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, ipo. Wako mafundi wanaoitoa wakiamini gari litapoa zaidi, na katika injini nyingi matokeo ni kinyume, kwa kuwa sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ninalikazia jambo hili kwa sababu kama kosa liko katika upoaji, injini yoyote mtakayoiweka itakutana na joto lile lile kwenye mlima ule ule.

Sasa tuje kwenye injini zenyewe, na nitasema ninavyoziona.

Injini ya 3L ina ujazo wa sentimita za ujazo 2779, haina tabo, na pampu yake ya dizeli hufanya kazi kwa mitambo mitupu bila kompyuta. Nguvu zake ni kama farasi 90 tu, kwa hiyo ndugu yako hakosei akisema ni nzito mlimani. Lakini katika upole huo ndimo umo uimara wake, na fundi yeyote wa Gongoni au Mambrui anaweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga tena. Ovahoo ikifanywa sawasawa ni njia ya heshima. Neno zito hapo ni hilo la sawasawa. Silinda zipimwe kwa chombo wala si kwa jicho, zichongwe au ziwekewe slivu mpya, yaani kuta mpya za ndani, krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ipimwe na ikibidi isagwe, hedi ijaribiwe kwa shinikizo ili ufa uonekane, na mshipi wa taiming, unaofanya valvu ziende sambamba na pistoni, ubadilishwe, kwa maana ukikatika pistoni hukutana na valvu. Mshipi huo kwa kawaida hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Hatari ya njia hii ni mbili: vipuri bandia vinavyouzwa katika paketi zinazofanana na halisi, na gharama inayokua kila kifuniko kinapofunguliwa. Usikubali kazi ianze kabla ya vipimo kuandikwa na bei kukisiwa upya baada ya vipimo hivyo.

5L ni ndugu wa 3L wa tumbo moja. Mwendo wa pistoni ni ule ule wa milimita 96, ila silinda zimepanuliwa kutoka milimita 96 hadi 99.5, ujazo ukafika 2986. Ndiyo maana fundi wako wa mjini anasema itaingia bila kukata chuma, na kwa ujumla anasema kweli: maunti na giaboksi vinakubaliana, na pampu yake nayo ni ya mitambo. Usitarajie miujiza ya nguvu, lakini utausikia uhai zaidi gari likiwa na mzigo. Shaka yangu haiko kwenye 5L, iko kwenye ile 5L moja mtakayoletewa. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyopita umri wa miaka 8, kwa hiyo pikapu kama yenu huendelea kuishi kwa injini zinazoletwa peke yake, na hakuna anayejua kila moja imetumikaje. Katika yadi ombeni ipimwe kompreshoni hata kwa betri na stata ikiwa chini. Fungueni kifuniko cha oili mtazame kama kuna utope mweusi au rangi ya maziwa, chungulieni njia za maji kama zina kutu, na hakikisheni pampu na nozeli ni zake. Ahadi ya kurudishiwa injini ikikataa iwe kwa maandishi, yenye tarehe na nambari ya injini.

Nimeifikiria sana ile 1KZ-TE, kwa sababu naona ndugu yako ameipenda, na mapenzi hayo si ya kijinga. Ujazo wake ni 2982, karibu sawa na 5L, lakini kwa msaada wa tabo hutoa farasi 125 na zaidi, na nguvu ya kuvuta mlimani inaizidi mbali 3L. Ilitumika katika Prado na Hilux Surf na watu wengi waliifurahia. Lakini nisingependa mpelekeane maneno juu yake bila kujua mambo haya. Hedi yake ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, na inajulikana kwa kupasuka pale injini inapopata joto kupita kiasi, ambalo ndilo tatizo mlilo nalo hivi sasa. Pampu yake inaamriwa na kompyuta, kwa hiyo mtahitaji kompyuta hiyo, waya zake zote na sensa zake kutoka gari lile lile, na kazi ya kuziunganisha si ya kila fundi. Hewa ya chumvi na maji ya barafu ya samaki si marafiki wa viungo vya waya. Mara nyingi huhitaji pia giaboksi yake yenyewe, maunti mapya na propela iliyorekebishwa urefu, na rejeta kubwa zaidi. Bei ya yadi, basi, ni mwanzo tu wa hesabu. Mwambie ndugu yako, kwa upole, akuletee bei ya kazi nzima hadi gari liwake na kutembea, halafu mlinganishe.

Kuna jambo dogo katika maneno yake lililonishtua, nalo ni kuongeza mzigo. Hilux ya aina hiyo iliundwa kubeba tani moja hivi. Injini yenye nguvu haiongezi uwezo wa breki, springi wala ekseli. Kushuka kutoka Marafa na mzigo uliozidi, kwa breki za miaka ya tisini, ni jambo ambalo ningeomba mulizungumze kabla ya kuzungumza injini yoyote.

Kuhusu Isuzu, nitasema kwa ufupi. 4JA1, yenye ujazo wa 2499, huchoma dizeli moja kwa moja juu ya pistoni badala ya kupitia chumba kidogo cha pembeni kama 3L, na hiyo ndiyo sababu husifiwa kwa kutumia mafuta kidogo. Pikapu za Isuzu zimekuwa zikiunganishwa Nairobi kwa miaka mingi na vipuri vyake si vigeni. Wako pia wanaosifu TD27 ya Nissan, isiyo na mshipi wa taiming kwa kuwa huendeshwa na gia. Lakini kununua pikapu nyingine kuukuu ni kununua historia ya mtu mwingine, ilhali ya baba yako unaijua.

Chochote mtakachochagua, angalieni dizeli mnayonunua. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli huipunguzia ule ulainishaji ambao pampu huutegemea, na pampu iliyokwaruzika inaweza kuifanya injini igome kuwaka. Mchezo huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia.

Sasa naomba nikuulize jambo ambalo hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyelitaja. Chesisi iko katika hali gani? Gari lililobeba samaki kwa miaka, likidondokewa na maji ya barafu yenye chumvi, huliwa kutoka chini na kutoka ndani, mahali ambapo rangi haionyeshi. Liinueni, mlale chini yake na nyundo ndogo, mgonge chesisi yote, hasa juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikio vya springi. Sauti ikiwa kavu na ya chuma, mshukuru Mungu. Nyundo ikizama au maganda yakianguka, basi hata injini mpya kabisa itakuwa imewekwa kwenye nyumba isiyo na nguzo. Kipimo hiki hakina gharama, na kwa maoni yangu kinatangulia vyote, kwa sababu ndicho kitakachokuambia kama akiba yako ina mahali pa kukaa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la pili, lile la nyumba. Umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba logibuku bado ina jina la baba. Nambari ya injini imeandikwa humo, na injini ikibadilishwa ni lazima Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, yaani NTSA, ijulishwe, gari likaguliwe, na kumbukumbu zibadilishwe. Ni vigumu kulifanya hilo kwa jina la marehemu. Ukiweka 5L au 1KZ-TE bila kulisawazisha, siku ya ukaguzi, siku ya ajali au siku ya kuuza, nambari hazitalingana na wewe ndiwe utakayeulizwa. Ovahoo ya injini ile ile haina tatizo hilo, ingawa logibuku yenyewe itabaki inangoja.

Na kisheria gari hilo si lako, si la ndugu yako, wala si la ami. Ni mirathi. Kwa kuwa mnafuata sheria ya Kiislamu, mama yenu ana thumuni yake, na kinachobaki ni chenu watoto, mwanamume akipata mafungu mawili ya mwanamke, pamoja na warithi wengine kama wapo. Mahakama ya Kadhi ipo hapo Malindi, na suala kama lenu wamelizoea. Sisemi haya ili mgawane chuma. Nayasema kwa sababu wewe unataka kutia akiba yako ya chama ndani ya mali ya watu wengi, na hakuna aliyekuuliza itahesabiwa vipi. Je, ni mkopo ambao gari litaulipa kabla ya faida kugawanywa? Je, unanunua mafungu ya wenzako? Au ni sadaka yako kwa mama? Yote matatu yanawezekana na yote ni mema, lakini kila moja lina mwisho wake, na ni bora liandikwe mbele ya mashahidi wakati ambapo bado mnapendana.

Kuhusu mama, nisikilize kwa makini. Unadhani anaililia injini. Huenda ni hivyo. Huenda pia anaogopa kwamba baada ya injini litauzwa gari, na baada ya gari kitauzwa kingine. Muulize mkiwa wawili tu. Injini ya zamani inaweza kutolewa na bado ikahifadhiwa nyumbani, na ikiwa bloku yake ni nzima, ni akiba ya vipuri. Kwa ami, nenda wewe mwenyewe, si ndugu yako, umuombe afanye vile vipimo kwa sababu yeye ndiye anayeijua injini hiyo kuliko mtu yeyote aliye hai. Na ndugu yako awepo anapopima, aone nambari kwa macho yake. Tishio lake la kuacha kuendesha linaniambia kuwa yeye ndiye anayesimama juani kando ya barabara mshale ukipanda, akisikia wateja wakilalamika kwenye simu, na kwamba pengine hakuna aliyempa pole kwa hilo.

Ningependa kujua namba za silinda nne na hali ya chesisi kabla ya kusema zaidi. Ukizipata, niandikie tena, na unitajie pia bei nzima ya kila njia kama ilivyoandikwa na fundi, si kama ilivyosemwa. Hadi hapo pesa za chama ziache zilipo, na mzigo wa Marafa upunguzeni ili injini isizidi kuumia mkiwa bado mnashauriana.